Ziara Isiyofanyika: Kriketi ya Makaburu na Mapambano ya Ukombozi, 1968–1970

Katika semina za elimu ya siasa tulizoziendesha Kashozi, wilayani Bukoba, swali moja limekuwa likirudi kila tunapofika kwenye somo la ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Kijana husimama na kusema: "Ndugu Mkufunzi, mwaka 1976 wanariadha wetu hawakukimbia Montreal kwa sababu ya mpira wa watu wengine. Je, huko si kuwaadhibu watoto wetu kwa kosa la jirani?"

Swali hili ni la haki, na kada hana ruhusa ya kulikwepa kwa kupiga kaulimbiu. Ili kulijibu inatupasa tutazame kwanza jambo lililotokea kabla ya Montreal: ziara ya timu ya taifa ya kriketi ya Afrika Kusini iliyopangwa kufanyika Uingereza mwaka 1970, na ambayo haikufanyika. Kriketi haichezwi katika vibanja vya Kashozi. Huko vijana hucheza kandanda. Lakini siasa ya mchezo huo inatuhusu sana.

Mchezo na Mfumo

Kriketi ilienea duniani pamoja na bendera ya Mwingereza. Katika makoloni ilichezwa ndani ya vilabu vilivyobagua watu kwa rangi na jamii zao, na Afrika Mashariki haikuepuka jambo hilo. Mechi kubwa kuliko zote ziliitwa Testi, yaani mechi za siku kadhaa baina ya timu za mataifa. Afrika Kusini ya makaburu ilicheza Testi na Uingereza, Australia na Nyuzilandi. Katika miaka yote hadi 1970 haikucheza Testi hata moja na India, Pakistani au visiwa vya Karibi. Hata ilipojitoa katika Jumuiya ya Madola mwaka 1961, marafiki zake watatu waliendelea kucheza nayo kama kwamba hakuna kilichotokea.

Wapo waliosema kwamba siasa isiingizwe michezoni. Sisi twauliza: nani aliyeiingiza? Mwananchi asiye Mzungu alikatazwa kwa rangi yake kuichezea timu ya taifa, na uwanjani alitengewa sehemu yake ya kukaa akitaka kutazama. Basi siasa ilikwisha kuingia kabla ya mpira wa kwanza kurushwa.

Wazee wa Buhaya hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Chini ya nyarubanja mkulima alipanda migomba na kahawa, akapalilia, akavuna, lakini ardhi ikahesabiwa kuwa ya mtwazi. Mfumo huo ulikomeshwa kwa sheria ya mwaka 1965. Afrika Kusini ilikuwa nyarubanja ya nchi nzima, na uwanja wa kriketi ulikuwa pembe moja tu ya shamba hilo.

Mchezaji Mmoja Aufichua Mfumo

Basil D'Oliveira alizaliwa Cape Town mwaka 1931. Serikali ya makaburu ilimweka katika kundi la "machotara", na kwa hiyo njia ya timu ya taifa ilifungwa kwake. Mwaka 1958 aliongoza, akiwa nahodha, timu ya wachezaji wasio Wazungu wa Afrika Kusini iliyozuru Afrika Mashariki. Ardhi yetu, ingawa nayo ilikuwa bado chini ya mkoloni, ilimpa heshima ya unahodha ambayo nchi yake ilimnyima.

Mwaka 1960 alihamia Uingereza, na mwaka 1966 akaanza kuichezea timu ya nchi hiyo. Agosti 1968, katika uwanja wa The Oval, London, alipata mikimbio 158 dhidi ya Australia. Siku chache baadaye klabu ya MCC, ambayo ndiyo iliyopanga ziara za Uingereza, ilitangaza kikosi cha kwenda Afrika Kusini. Jina lake halikuwamo. Ghadhabu ya umma ikapanda. Septemba 16, mchezaji mmoja, Tom Cartwright, alijitoa kwa sababu ya kuumia, na D'Oliveira akachukuliwa badala yake. Kesho yake Waziri Mkuu wa makaburu, John Vorster, akihutubia Bloemfontein, alisema kwamba timu hiyo haikuwa tena ya MCC bali ya wapinzani wa ubaguzi, na kwamba haitapokewa. Septemba 24 ziara ikafutwa.

Tuliangalie jambo hili kwa makini. Vorster mwenyewe alikiri kwamba mchezo ule ulikuwa siasa. Na wapinzani aliowalaani ni watu tunaowafahamu. Harakati yao ilizaliwa katika mkutano wa London wa Juni 26, 1959, ambamo Mwalimu Julius Nyerere, wakati huo kiongozi wa TANU, alikuwa mmoja wa wasemaji, akiwataka wananchi wa Uingereza wasusie bidhaa za Afrika Kusini. Pamoja naye alisema Padre Trevor Huddleston, ambaye kuanzia 1960 hadi 1968 alikuwa Askofu wa Masasi. Silaha ya kususia, basi, haikuokotwa njiani. Tulishiriki kuifua.

Mei 1970

Pamoja na aibu hiyo, wakuu wa kriketi wa Uingereza waliendelea kuwaalika makaburu wazuru nchi yao kuanzia Juni 1970. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja na ugonjwa. Ziara ya timu ya raga ya makaburu ya mwaka 1969 na 1970 ilikwisha kukutana na maandamano kila ilikokwenda. Vijana wakiongozwa na Peter Hain waliunda kamati ya kuizuia ziara ya kriketi. Ratiba ikapunguzwa hadi mechi 12, na uwanja wa Lord's ukazungushiwa seng'enge. Mchezo uliosifiwa kuwa wa waungwana sasa ulihitaji ulinzi wa waya wa miba!

Lakini maandamano peke yake hayakutosha. Julai mwaka ule Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikuwa ifanyike Edinburgh, Uskoti. Baraza Kuu la Michezo la Afrika, lililoundwa Bamako mwaka 1966, lilitoa onyo: makaburu wakija, Waafrika hawaji. Hapo ndipo mkinzano ndani ya ubeberu ulipodhihirika. Uingereza ilitaka mambo mawili kwa wakati mmoja: iwakumbatie makaburu, na ijionyeshe kuwa mama wa Jumuiya ya watu wa rangi zote. Afrika ililazimisha uchaguzi.

Mei 19 Baraza la Kriketi lilisema ziara ingalipo. Mei 21 Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, aliliomba rasmi liifute. Mei 22, 1970, ziara ikafutwa. Mwaka uliofuata Australia nayo ikafuta ziara ya makaburu huko kwake. Tangu Machi 1970 Afrika Kusini haikucheza Testi rasmi tena hadi Aprili 1992. Miaka ishirini na miwili!

Gharama, na Walioilipa

Sasa turudi kwa kijana wa Kashozi. Mwaka 1970 ushindi ulipatikana kabla ya gharama kulipwa. Vijana wetu walikwenda Edinburgh. Bondia Titus Simba akarudi na medali ya fedha, na John Stephen Akhwari akamaliza wa tano katika marathoni. Lakini medali ile ilikuwa tayari imewekwa rehani. Kama makaburu wangalikuja, Simba asingalipanda ulingoni. Onyo lilisikilizwa kwa sababu waliolitoa walijulikana kuwa wangelitimiza.

Mwaka 1976 mambo yakawa mengine. Timu ya raga ya Nyuzilandi ilizuru Afrika Kusini mwaka ule ule ambao watoto wa Soweto walipigwa risasi, Juni 16. Afrika ilitaka Nyuzilandi iondolewe Olimpiki, ikakataliwa. Tanzania na nchi nyingine zaidi ya ishirini hazikushiriki. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Februari 2, 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, hakukimbia Montreal. Dhahabu ilichukuliwa na John Walker wa Nyuzilandi.

Tuseme kweli: gharama hii haikugawanywa sawa. Wengi wetu tuliutoa msimamo. Bayi alitoa miguu yake katika mwaka ambao mwanariadha haupati mara mbili. Mkufunzi anayesifu msimamo bila kumtaja aliyeulipia anafundisha nusu ya somo. Lakini pia anayeitaja gharama bila kutaja matunda anafundisha nusu nyingine. Juni 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana kule Gleneagles kuzuia mahusiano ya michezo na makaburu. Mwaka 1982 wachezaji wa Uingereza waliokwenda huko kwa siri na kwa malipo walifungiwa miaka mitatu. Na mwaka 1980 Bayi na Suleiman Nyambui walileta kutoka Moscow medali za fedha, za kwanza za Olimpiki kwa Tanzania.

Mafunzo

Kwanza, kususia si kununa. Ni silaha, nayo hufaa inapolengwa mahali ambapo adui anaumia. Pili, onyo lisilo na utayari wa kulipa ni kelele. Tatu, kriketi haikuuangusha ubaguzi. Uliangushwa na wananchi wa Afrika Kusini wenyewe, kwa damu na jasho, hadi uchaguzi wa Aprili 1994; kususia kuliwaondolea makaburu heshima waliyokuwa wakiitafuta viwanjani. Nne, wanaolipa kwa niaba ya taifa wana haki ya kukumbukwa na taifa.

Katika semina moja, kijana alipomaliza swali lake, mzee aliyeketi nyuma alinyanyua mkono kabla yetu. "Mwanangu," akasema, "hata sisi kibanja hatukupewa na mtwazi kwa kumpigia makofi." Kijana alifikiri kidogo, kisha akauliza: "Na huyo Bayi, babu, mlimpa nini?" Mzee hakujibu. Ndugu makada, swali hilo la pili ndilo tunalowaachia. La kwanza historia imekwisha kulijibu. Hili la pili ni deni letu.