Walinzi wa amani na watu wa pwani ya Fizi

Wakristu wa Kazimia, na wa vijiji vya pwani mpaka Baraka, wanatuuliza mara nyingi: Je, ONU ilikuja kufanya nini kwetu, na kwa nini imeondoka? Swali hili linastahili jibu la kweli. Tukisema tu "ni siasa" na kunyamaza, wengine watawajibu kwa uwongo. Tuangalie basi historia, maana jambo hili si geni katika nchi yetu.

Kwanza, mambo ya kale. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, yakapatana kukomesha biashara ya watumwa katika Afrika. Mapatano yaliandikwa Ulaya, lakini huku Tanganyika watu walikuwa bado wakikamatwa na kuuzwa. Aliyewalinda watu wa Mpala na wa Mrumbi alikuwa Kapiteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Baba Mtakatifu, rafiki wa Mapadri Weupe. Alilinda kwa bunduki. Tena hakurudi kwao: alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke wa nchi, akafa huku mwaka 1927. Mtoto wao Albert, aliyezaliwa 1908, alipata upadri. Tulishike jina lake, maana tutamkuta tena mbele.

Pili, ONU yenyewe. Siku 12 tu baada ya uhuru, tarehe 12 Julai 1960, Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba waliiomba msaada. Baraza la Usalama likakubali, na jeshi la ONUC likaja. Wakati wa wingi wao askari walikaribia 20,000. Kazi yao ilikuwa kuwaondoa askari wa Ubelgiji, kusaidia utaratibu wa nchi, na mwishowe kukomesha kujitenga kwa Katanga, kulikokwisha Januari 1963. Kazi hiyo ilidai damu. Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, Septemba 1961. Na Novemba mwaka ule ule Waitalia 13 wa ONU waliuawa Kindu. Lakini mataifa mengine yalikataa kulipa gharama, na tarehe 30 Juni 1964 askari wa mwisho waliondoka.

Siku zile vita ambavyo wazee wanaviita vya Mulele vilikuwa vimekwisha kufika kwetu: Uvira ilitekwa mwezi wa Mei. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji, katika ndege za Marekani, waliruka juu ya Stanleyville. Siku nne baadaye, tarehe 28, mkubwa mmoja wa waasi alifika misioni ya Baraka. Alimwamuru Bruda Vittorio Faccin apande gari. Alikataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, aliyekuwa akiungamisha, alitoka, akapiga magoti karibu na maiti ya ndugu yake, akauawa naye. Jioni ile ile, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert, yule mtoto wa Kapiteni. Baba alikuwa na bunduki. Mwana hakuwa na kitu mkononi.

Na pahali palipobaki wazi, wengine waliingia. Mwaka 1965 Che Guevara na Wakuba walivuka ziwa toka Kigoma kusaidia waasi, na askari wa kukodiwa wa Mike Hoare wakashuka Baraka kuwapiga. Watu wa pwani walikimbilia milimani.

Tatu, wakati wetu. Vita vya 1996 vilivusha watu wengi wa Fizi mpaka makambi ya Lugufu na Nyarugusu, upande wa Tanzania. ONU ilirudi Kongo kwa jina la MONUC mwaka 1999, ikawa MONUSCO mwaka 2010. Tusiwe watu wa kusahau mema: tangu 2005 HCR ilirudisha wakimbizi kwa meli toka Kigoma mpaka Baraka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu huja kwa azimio la Baraza na ruhusa ya serikali, na kwa njia ile ile huondoka. Kinshasa iliomba aondoke; Baraza likakubali Desemba 2023; mwezi wa Juni 2024 MONUSCO ikafunga kazi yake Kivu ya Kusini, miaka 60 kamili baada ya ONUC. Februari 2025 Bukavu ilitekwa na M23.

Tuseme nini basi kwa wakristu? Tusiwafundishe kuwalaani wageni, wala kuwangojea kama wokovu. Jeshi la mataifa laweza kusimama kati ya majeshi mawili. Haliwezi kuingia kati ya mlima na pwani, kati ya jirani na jirani, na kuondoa chuki. Waliowaua mashahidi wetu walikuwa watoto wa nchi hii, na hakuna azimio la New York ambalo lingewageuza mioyo. Kazi hiyo ni ya anayebaki: padri, na zaidi katekista, anayekaa kijijini mvua na jua, anayejua nani amegombana na nani juu ya ng'ombe au shamba.

Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza hao wanne kuwa Wenye Heri. Kofia za bluu zilikuwa zimeondoka miezi miwili mbele. Wenye Heri Luigi, Giovanni, Vittorio na Albert, mtuombee.