Jina la Fundi Mjini Mwanza

Katika nchi zilizo kusini na magharibi mwa Ziwa Viktoria, tangu zama ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka, mafundi mashuhuri kupita wote walikuwa Warongo, wahunzi waliopiga kambi misituni huko Buzinza, katika sehemu ambazo leo zimo Geita, wakayeyusha mawe ya chuma kwa makaa na kufua majembe ambayo Wasukuma waliyapokea kwa mbuzi, kwa ng'ombe na kwa nafaka, na mara nyingi wakayatoa kuwa mahari. Mhunzi huyo hakuwa na duka wala alama mlangoni, na kambi yake ilihama kila kuni na mawe yalipokwisha. Ila jembe lake lilitangulia mahali ambapo yeye mwenyewe hajapata kufika, na mkulima wa ng'ambo alipoona la jirani yake limelima misimu bila kupinda, aliuliza limetoka mikononi mwa nani. Hilo swali la jirani kwa jirani ndilo lililomlisha fundi wa pande hizi kabla ya kuwapo mji, na nitajaribu kuonyesha kwamba ndilo linalomlisha hata sasa, ingawa limehamia ndani ya simu.

Wageni nao walikuja na ufundi wao. Speke aliuona mwambao huu tarehe 3 Agosti 1858, na mwaka 1875 Stanley akafika Kagehyi na mashua yake Lady Alice, ambayo wapagazi waliibeba vipande vipande kutoka pwani, ikaunganishwa papo hapo ufukoni na kuteremshwa majini kulizunguka ziwa zima. Lakini wa kukumbukwa zaidi katika habari hii ni Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskoti aliyetumwa na misheni ya CMS, ambaye alipoondoshwa Buganda mwaka 1887 alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akaishi huko akifua chuma na kupasua mbao mpaka alipofariki Februari 1890. Watu walimwita Mzungu wa kazi. Waliomfahamu kwa dini yake na waliompinga kwa dini hiyo hiyo walikubaliana kwamba mkono wake unaweza, na sifa ya namna hiyo haikuhitaji mpiga mbiu.

Mji wenyewe ulianza kuwa mji Wajerumani walipoweka boma lao katika miaka ya 1890, na ulipata nguvu pale reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, maana ngozi na karanga za Usukuma zilisafiri kwa meli za ziwani kwenda kukutana na reli hiyo, na katika meli zizo hizo wakaja maseremala, waashi na mafundi wa mashine wa Kihindi, Makalasinga wakiwa miongoni mwao. Reli yetu kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, kila ufundi ulikwisha jipatia pembe yake ya kukaa, na mtu mwenye haja alikwenda kwanza kwenye pembe hiyo, kisha ndipo akachagua mtu.

Pembe iliyonivutia siku zote ni Makoroboi, karibu na hekalu la Wahindi, mahali ambapo wafua bati walikaa kati ya miamba na kutengeneza vibatari vya mafuta ya taa vilivyoupa mtaa jina lake. Fundi huchukua kopo lililokwisha kazi, akalipasua kwa mkasi wa bati, akalinyoosha kwa nyundo juu ya kipande cha chuma mpaka maandishi ya kiwanda yakabaki yamelala chali, akalikunja duara, akaufunga mshono kwa lehemu, kisha akatoboa kifuniko na kupachika kibomba chembamba cha kupitishia utambi. Yote hayo huyafanya mbele ya mnunuzi, ambaye huinua taa, akaigeuza juu chini na kuutazama mshono. Hapo tangazo na kazi vilikuwa kitu kimoja: mlio wa nyundo ulimwongoza mgeni kutoka sokoni, na mshono usiovuja ulimrudisha mwaka wa pili kutaka ndoo. Umeme ulipoenea, na taa za betri zikaja kwa bei ndogo, koroboi ilipungua. Upawa, jiko na karai vikaendelea.

Baada ya Uhuru, viwanda vya kuchambua pamba na kile cha nguo cha Mwatex vilikusanya mafundi wengi chini ya mshahara wa mwezi, na mwaka 1971, majumba ya kupangisha yalipotaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, mpangaji mwenye bomba bovu alipaswa kuandika barua na kungoja. Waliochoka kungoja walimwendea fundi wa kiwandani jioni, akiwa ametoka kazini na mfuko wake wa spana, na aliyejua anakoishi ni mjumbe wa nyumba kumi. Watu humkumbuka mjumbe kwa mambo ya chama na ya kugawa bidhaa za foleni. Mimi naona haki yake haijatimizwa katika historia ya ufundi, kwani ndiye aliyekuwa daftari la mtaa, ajuaye nani ni seremala na nani hujiita seremala, na akimtaja mtu alikuwa ametia dhamana yake mwenyewe, maana kazi ikiharibika mlalamikaji aliujua mlango wa kugonga.

Redio haikumsaidia sana fundi mdogo. Radio Free Africa ilipoanza kurusha matangazo yake kutoka Mwanza katika miaka ya 1990, wenye maduka ya vifaa na karakana kubwa walipata sauti; mziba mabomba wa Igogo hakuwa na fedha ya kununua hata nusu dakika. Ukombozi wake ulikuwa simu ya mkononi, ambayo ilisambaa Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2000, mwaka ule ule Mwanza ilipopewa hadhi ya jiji. Ghafla kuta, nguzo za umeme na milango ya vibanda zikajaa rangi: FUNDI BOMBA, FUNDI UMEME, FUNDI TAILIZI, na chini yake namba. Katikati ya muongo ule namba za 0744 zilipobadilishwa kuwa 0754, ilimlazimu fundi kuzunguka tena na kopo la rangi, arekebishe tarakimu moja katika kila ukuta alioukumbuka; na aliousahau uliendelea kumwita mtu asiyepatikana.

Upungufu wa namba ya ukutani ulikuwa mwingine, nao ni mzito zaidi. Namba haina mdhamini. Mwenye nyumba alipiga, akaja mtu asiyemfahamu, akapokea fedha ya vifaa, na ikiwa hakurudi, palikuwa hapana mjumbe wala jirani wa kuulizwa. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, ilirahisisha kutuma fedha hiyo ya vifaa na kwa hiyo ikarahisisha pia kuipoteza. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, miaka hiyo michache ya namba bila uso ndiyo iliyowatia watu wa mji shaka juu ya mafundi kwa jumla, wakati waaminifu miongoni mwao hawakuwa na njia ya kujitenga na walaghai.

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulitia nanga nchini mwaka 2009, simu za bei nafuu zenye kamera zikafuata, na fundi akaanza kuposti. Wa kwanza walikwenda Facebook na Instagram, wakaweka picha za dari za jipsamu na majiko ya kisasa, na wengi wakatahayari walipoona sifa zinamiminika kutoka Kinondoni na Arusha ilhali Buhongwa na Igoma kumenyamaza. Mkono wa kupongeza kutoka Dar es Salaam hauleti mfuko wa saruji Mabatini. Tena picha nyingi zilikuwa za kuazima, zimechukuliwa kwa watu wa nchi za mbali, na mteja aliyeahidiwa dari ile akapata nyingine.

Hapa ndipo miamba yetu ilipotoa ushahidi. Nimeonyeshwa stetasi ya WhatsApp ya mwashi mmoja, yenye picha mbili: katika ya kwanza, jabali kubwa limekalia theluthi ya kiwanja mlimani; katika ya pili, msingi wa mawe umepandishwa ngazi kwa ngazi ukilizunguka, nondo zimesimama, na mfereji umeachwa kando ili maji ya masika yasiuchimbue udongo chini ya ukuta. Picha hiyo haiwezi kuibwa Ulaya. Mkazi yeyote wa Mwanza akiitazama anaijua nchi, huenda hata akautambua mlima wenyewe, na anajua pia kwamba aliyefanya kazi ile anaelewa shida ya kujenga juu ya mawe, ambayo fundi wa Shinyanga, pamoja na ustadi wake wote, hajakutana nayo. Chini yake mwashi ameandika jina la mtaa, muda ambao kazi ilichukua, na kwamba yuko tayari kurudi akiitwa.

Stetasi hiyo huonwa na waliohifadhi namba yake, nao aghalabu ni wale aliokwisha kuwafanyia kazi, na mmoja wao huipeleka katika grupu la mtaa pale mtu anapouliza, usiku, nani anamjua fundi bomba wa karibu. Majibu huja kwa mfano wa zamani: huyu alinitengenezea tangi, hajanisumbua, yule alichukua fedha yangu mwezi wa nne. Ndiye mjumbe wa nyumba kumi amerudi, safari hii akiwa watu mia mbili wanaofahamiana kwa kanisa, kwa msikiti, kwa shule ya watoto na kwa mpaka wa kiwanja. Kwa sababu hiyo namba ya simu imekuwa mali ya kurithisha, na ruhusa iliyotolewa mwaka 2017 ya kuhama mtandao bila kubadili namba ilimfaa fundi kuliko wengi; kadhalika, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipozimwa mwanzoni mwa 2020, aliyezembea alipoteza wateja wa miaka.

Basi nawaomba mafundi wa Mwanza wapige picha kazi ya mikono yao wenyewe, hata kama ni bomba moja lililozibwa Kirumba, na waandike mtaa kabla ya kuandika sifa. Nanyi mliotendewa vema, msingoje kuulizwa: mtajeni fundi wenu kwa jina katika grupu la mtaa, mseme alifanya nini na kwa bei gani, maana bando lake la mwezi haliwezi kumfikisha mlango wa tatu kutoka kwenu, na neno lenu linafika leo hii.