Mapacha wa Shambani: Khabari ya Milia ya Mahindi

Mtu ashukaye kutoka Manyatta na Runyenjes, penye majani-chai na kahawa, akielekea Mbeere, au atokaye Imenti akateremka hata Tharaka, huona jinsi mahindi yalivyozitwaa sehemu za kati za mitelemko ya Mlima Kenya, ambako zamani mawele, mtama na wimbi ndizo zilizokuwa nafaka za wenyeji. Na kwa kuwa nchi hiyo hujaliwa mvua mara mbili kwa mwaka, shamba moja halijakauka ila jingine limekwisha kuchipua, na maradhi yakapata daraja la kuvukia. Mkulima wa huko ajua vema kwamba mahindi yaliyochelewa kupandwa aghalabu hushikwa na milia: majani hutoka mistari myembamba ya manjano, iliyokatika-katika, ikifuatana na mishipa, mche hudumaa, na gunzi, likiwapo, huwa na punje za kuhesabika. Wapo wadhanio kuwa udongo umechoka, wakaongeza mbolea, nayo kwa ugonjwa huu haifui dafu.

Wasichekwe. Claude Fuller, aliyeuandika ugonjwa huu kwa mara ya kwanza huko Natal, kusini mwa Afrika, mwaka 1901, naye aliutia udongo hatiani. Ilipita miaka zaidi ya 20 ndipo H. H. Storey alipobainisha, huko huko kusini, kwamba mwenye kuuchukua ni mdudu mdogo arukaye, mfyonza utomvu wa majani, ambaye wataalamu humwita Cicadulina mbila. Mwaka 1928 Storey alihamia Amani, katika milima ya Usambara, na miongoni mwa kazi zake za miaka iliyofuata mna jambo ambalo kwangu mimi ndilo tamu kuliko yote katika khabari hii: alikuta ya kuwa wamo wadudu wa jinsi ile ile wasioweza kuambukiza hata wakilifyonza jani gonjwa, na kuwa tabia hiyo hurithiwa, kisha akatwaa sindano nyembamba, akamtoboa mdudu wa namna hiyo utumbo, na yule asiyeweza akaweza. Kirusi chenyewe kiletacho ugonjwa hakukiona, lakini kwa tundu la sindano alikwisha kuujua mlango wake.

Kukiona kulingoja mwaka 1974. Bock na Guthrie, waliokuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika ya Mashariki kule Muguga, karibu na Nairobi, wakishirikiana na Woods, walikisafisha kirusi hicho, na hadubini ya elektroni ikaonyesha chembe zilizoshikamana mbili mbili, mithili ya mapacha wasiotengana. Mwaka 1977, Bock na Guthrie pamoja na Harrison wa Scotland walidhihirisha ya kuwa urithi wa chembe hizo ni uzi wa DNA ulio mmoja, usiosokotwa na mwenziwe, tena uliofungwa duara. Na ukoo wa virusi vya namna hiyo ukaitwa jeminivirusi, kwa neno la Kilatini la mapacha.

Lakini hadubini ya siku hizo ilikuwa na dhulma yake. Ndani yake hamna hewa, na kitu chenye maji hukauka papo hapo; basi ilibidi chembe ipakwe chumvi ya madini mazito na kukaushwa, hata mtazamaji akawa anaiona ile chumvi kuliko umbo lenyewe. Kugandisha nako kulikuwa na balaa, kwani barafu ya kawaida hufanya fuwele ziharibuzo chembe na kuvuruga miali ya elektroni. Ufumbuzi ulitoka Heidelberg mwanzoni mwa miaka ya 1980, Jacques Dubochet na wenzake walipotambua kuwa utando mwembamba wa maji, ukitumbukizwa ghafula katika ethani iliyopozwa kwa naitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, huganda kabla molekuli zake hazijapata wasaa wa kujipanga, ukawa kama kioo, na kilichomo hubaki vile kilivyokuwa majini. Picha moja huwa hafifu, maana miali ikizidi huunguza. Hivyo hukusanywa taswira za chembe maelfu zilizoelekea kila upande, na kompyuta, kwa hesabu za jinsi aliyoiasisi Joachim Frank, huzilinganisha na kuzijumlisha hata umbo kamili likatokea. Wawili hao, pamoja na Richard Henderson, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2017.

Kirusi cha milia nacho kilitiwa katika barafu hiyo, na mwaka 2001 sura yake ikatangazwa: mapacha kweli, kila mmoja gamba la nyuso 20 lililopungukiwa kona moja pale walipoungana, na magamba yote mawili yamejengwa kwa protini 110, urefu nanomita 38, upana 22. Taswira hiyo haikufika kwenye atomu. Mwaka 2017 ndugu yake, yule wa batobato ya muhogo, alionekana kwa udhahiri mkubwa zaidi, hata mikunjo ya protini zake ikafuatika.

Dawa ya kukinyunyizia kirusi chenyewe haijapatikana, na kinga ingali mbegu stahimilivu na kupanda mvua zianzapo. Nawe mwalimu wa biolojia wa Meru au Embu, ufikapo kwenye somo la virusi, watoe wanafunzi nje hata ukingoni mwa shamba, uwatafutie jani lenye milia, uwaambie kuwa jeminivirusi walipata jina lao kwa msaada wa mahindi ya Kenya.