Chai Haina Msimu

Ukitaka kujua kama wimbi limekauka, usiliangalie. Litafune. Likivunjika kwa sauti, liko tayari kwa ghala. Likinata kwenye meno, lirudishe juani. Hivyo ndivyo magokoro, yaani nyanya yangu, alivyonifundisha Agosti iliyopita, tukiwa kwenye kipande cha shamba kisichofika hata robo ekari huko Nyamira. Kushoto chai, kulia chai, mbele chai ya jirani. Wimbi letu lilikuwa katikati kama mgeni aliyekosea harusi.

Nilitoka Nairobi na nia moja: kuvuna wimbi hilo na kulipika amarwa, pombe ya kwetu, kabla magokoro hajaondoka na ujuzi wake. Wasee wangu walicheka. "Yaani umeenda ushago kupika busaa?" Nikawaambia ndiyo. Ambacho sikuwaambia ni kwamba baba yangu, mzee wa kanisa la Wasabato, hakuwa amenisemesha tangu nifike.

Kuvuna wimbi si mchezo. Hukatwa suke moja moja kwa kisu kidogo. Ikifika saa nne asubuhi mgongo umeisha, na kikapu bado hakijajaa. Siku ya pili nikamuuliza magokoro: zamani mliwezaje, na mashamba yalikuwa makubwa kuliko haya?

Akajibu kwa neno moja. "Risaga."

Risaga ni majirani walioitwa kusaidia kazi ya shamba: kulima, kupalilia, kuvuna. Malipo hayakuwa pesa. Mwenye shamba alipika pombe, na kazi ikiisha watu wakaketi wakanywa. Robert LeVine, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti Gusii katikati ya miaka ya 1950, aliikuta desturi hiyo ikiwa bado hai. Abagaka, wazee wa kiume, walikizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji moto yakiongezwa polepole.

Fikiria hesabu yake. Wimbi la mwaka jana ndilo lililovuna wimbi la mwaka huu. Aliyekosa nafaka ya kupikia alikosa mikono ya kumsaidia, na aliyekunywa kwa watu bila kuwaita kwake alijulikana. Pombe haikuwa starehe ya pembeni. Ilikuwa mshahara, na pia daftari la madeni ya kijiji.

Halafu wakaja Waingereza. Waliishambulia Gusii mwaka 1905, wakarudi tena 1908, na wakatoza kodi ya nyumba. Kodi haikulipwa kwa chungu cha pombe. Ilitaka pesa, na pesa ilitaka vijana waende kufanya kazi mbali. Mwaka 1911 wamisionari Wakatoliki walifungua kituo Nyabururu, na muda mfupi baadaye Wasabato wakajenga Nyanchwa. Kwa Msabato, pombe ni pombe, hata kama ndiyo iliyolima shamba lako.

Miaka ya 1930 Kisii ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza Kenya ambako Mwafrika aliruhusiwa kupanda kahawa. Miaka ya 1950 pareto na chai zikafuata. Mahindi yakalifukuza wimbi kwenye ugali.

Kabla ya Agosti ile, mtu angeniuliza nani aliyeiua amarwa, ningejibu haraka: polisi na kanisa. Siku tatu za kukata masuke zilinibadilisha mawazo. Angalia chai. Huchumwa mwaka mzima, majani mawili na chipukizi, na mchumaji hulipwa kwa kilo. Leo ukimaliza safu hii, baada ya wiki mbili inakungoja tena. Chai ilisomesha watu wengi kwetu, siibezi. Lakini chai haina msimu. Hakuna jioni ambayo mnaweza kuketi pamoja mkasema, basi, tumevuna. Na pasipo jioni hiyo, risaga inaitwa ya nini?

Pombe yenyewe haikufa. Ilibadilisha kazi tu. Ilipoacha kulipa majirani, ikaanza kulipa karo. Magokoro alipika ya kuuza, akaficha vyungu kwenye miwa, na mara mbili alilala korokoroni. Baba, mtoto wa kwanza, ndiye aliyebaki na wadogo zake. Karo yake ya shule ya upili ilitoka kwenye vyungu hivyo. Sijawahi kumsikia akilisema hilo kanisani wala nyumbani.

Na ana sababu. Baba mdogo alikunywa chang'aa mpaka ikammaliza. Chang'aa si amarwa. Ile huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, na ukali wake ni wa dunia nyingine. Sheria iliipiga marufuku mwaka 1980. Lakini kwa mtoto aliyeona mama akichukuliwa na askari, na baadaye akamzika ndugu, tofauti ya chungu na mtungi haina maana. Nikimlaumu baba kwa kuichukia pombe nitakuwa namwonea.

Mwaka 2010 ikaja sheria mpya ya vileo, ile iliyoitwa ya Mututho, ikaifuta ile ya 1980 na kufungua mlango wa leseni. Lakini mlango wenyewe ni wa kiwanda: vipimo, lebo, chupa. Wazee kumi na mirija yao utawatia kwenye chupa gani? Wakati huohuo, mwaka 2013, UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa binadamu ujuzi wa watu wa Georgia wa kutengeneza mvinyo wa zabibu ndani ya vyungu vya udongo vilivyofukiwa ardhini. Chungu chao kikapewa cheti. Chetu kilijificha kwenye miwa.

Kimea kilikuwa tayari Alhamisi: wimbi lililolowekwa, likafunikwa na majani ya migomba hadi likachipua, likaanikwa na kusagwa. Ijumaa mchana nikawasha moto uani nikaange unga uliochachuka, juu ya bati la pipa lililokatwa. Moshi ukanijaa machoni. Baba akapita akielekea kuoga, kujiandaa kwa Sabato. Akasimama.

"Unaunguza," alisema. "Geuza kutoka chini."

Nikageuza vibaya. Akaninyang'anya sepetu. Akageuza unga kwa mikono ya mtu aliyefanya kazi hiyo mara mia, akapunguza kuni mbili, akangoja mpaka rangi ikawa kahawia sawasawa. Hakusema kitu kingine. Jua lilipokaribia kuzama alinirudishia sepetu, akaenda zake.

Jumatatu majirani waliotusaidia kuvuna walikuja kunywa. Baba hakuja. Alikuwa ndani na kikombe cha uji wa wimbi lilelile.

Magokoro ametenga masuke ya mbegu juu ya jiko, yakauke kwa moshi. Juzi baba alinipigia simu. Aliuliza habari za kazi, akauliza habari za afya, kisha akauliza tutapanda mwezi gani.