Mchele, Embe na Mzigo wa Mpagazi

Mtu aliyetoka Bagamoyo zamani kwenda Ujiji kwa miguu alizijua nchi alizozipita kwa tumbo kabla ya kuzijua kwa akili; kwa kuwa lugha zake alifasiriwa na mkalimani, na mila zake alisimuliwa na kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, bali chakula chake alikila kwa mkono wake mwenyewe, akakipenda au akakivumilia, maana hakuwa na kingine. Katikati ya njia hiyo, baada ya mwendo wa miezi mitatu hivi kutoka pwani, ndipo ilipokuwa Unyanyembe, na ndani ya Unyanyembe mji ambao wageni wa kwanza waliuita Kaze na sisi twauita Tabora. Hapo kafila zilipumzika, wapagazi walibadilishana, mizigo ilifungwa upya, na njia ziligawanyika, moja ikielekea magharibi hata Ujiji na Umanyema, nyingine ikishika kaskazini hata Karagwe na Buganda. Palipokutana njia nyingi kiasi hicho palikutana pia vyungu vingi, na habari ya vyungu hivyo ni sehemu ya tarikhi yetu isiyopewa bado haki yake.

Pwani ilikuwa imekwisha kuonja vyakula vya Asia tangu karne nyingi. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuendelea hata Mombasa na Kilwa, alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, ukiwekewa juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na pilipili manga, tangawizi mbichi, na maembe. Mpunga, mwembe, mgomba na mtangawizi, yote hiyo asili yake ni Asia, nayo ilivuka bahari kwa vyombo vilivyosukumwa na pepo za msimu. Lakini kaskazi huishia ufukoni, na kutoka ufukoni kwenda bara hapana tanga limsukumalo mtu. Kila kitu kilichokwenda kililazimu kupanda bega au kichwa cha mwanadamu. Kwa hiyo twasoma habari za maembe ya Mogadishu katika kitabu cha karne ya 14, na habari za mchele wa Unyanyembe katika vitabu vya karne ya 19.

Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipoingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857 waliwakuta Waarabu wa Omani wamekwisha kujenga matembe na kutengeneza bustani. Desturi ya mji ilikuwa kumtangulizia mgeni mbuzi na mzigo wa mchele mweupe, nao mchele huo haukutoka Pemba wala Bara Hindi, bali ulilimwa papo hapo Unyanyembe. Alipohitaji vitunguu, ndizi, ndimu, ukwaju uliofinyangwa, au kahawa ya Karagwe, mgeni alivipata kwa Waarabu hao hao. Mkuu wa wenyeji waliowapokea Burton na Speke, Snay bin Amir wa kabila la Harthi, aliyekuwa tajiri wa pembe na watumwa na wakili wa wafanyabiashara wengi, alianza maisha yake Maskati akiwa muuza vitamu. Na mwenzake katika utajiri, Musa Mzuri, alikuwa Mhindi Mwislamu wa Surat, mmoja wa wageni wa kwanza kuleta biashara ya pwani katika Unyamwezi. Hivyo Asia haikuwa jina la mbali mjini Tabora. Ilikuwa na nyumba, ilikuwa na jiko, na ilikuwa na watu walioukumbuka utamu wa halua ya kwao, ile ipikwayo kwa wanga, sukari na samli, ikakorogwa katika sufuria ya shaba hata mikono ichoke, na kutiwa hiliki na zafarani, kisha ikaliwa kwa kahawa chungu. Katika vitu hivyo vyote samli ilipatikana Unyamwezi kwa wafugaji. Sukari, hiliki na zafarani zilifuata njia ile ndefu kutoka pwani.

Miaka 14 baadaye, Juni 1871, msafiri Stanley alipotua Kwihara, mwendo mfupi kutoka Tabora, matajiri wa mji walimpelekea karamu ambayo yeye mwenyewe aliiorodhesha kitabuni mwake: sinia kubwa la wali na mchuzi wa kuku wenye bizari, mikate mikubwa ya ngano kadiri ya kumi na miwili, sahani ya vitamu vya kukaangwa vilivyokuwa vingali moto, mapapai, makomamanga na malimau, na nyuma yake ng'ombe wanene 5 wenye nundu, kondoo 8, mbuzi 10, kuku 12 na mayai 12. Tukilitazama sinia hilo kwa makini twaona ramani ya dunia. Mchele ulitoka Asia, na sasa ulikuwa na shamba Unyanyembe. Ngano ililimwa kidogo kando ya matembe kwa ajili ya wenyewe tu. Komamanga lilikuwa tunda la Uajemi na Uarabuni. Papai asili yake ni bara la Amerika, na liliizunguka dunia kwa merikebu za Wareno na Wahispania. Bizari za mchuzi zilifungwa katika robota pamoja na chai na sukari, zikaletwa mara moja kwa mwaka au zaidi kidogo na watumwa wa matajiri hao. Ng'ombe, mbuzi na kuku walifugwa papo hapo nchini.

Yafaa tuulize ni nani aliyelibeba sinia hilo kabla halijawa sinia. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, na posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, kadiri ya ratili moja na nusu. Kwa safari ya siku 90 mtu mmoja alihitaji vibaba 90, ambavyo ni pishi 22 na nusu, na uzito wake ni ratili 135, karibu mara mbili ya mzigo aliobeba kwa ujira. Hesabu hiyo nyepesi yatosha kutufahamisha kwamba hapakuwa na msafara ulioweza kujilisha kwa akiba yake. Kafila yote, tangu tajiri aliyepanda punda hata mtoto aliyebeba mkeka, ililishwa na vijiji vya njiani, na vijiji hivyo vililimwa kwa sehemu kubwa na wanawake, waliouza mtama, uwele, kunde, karanga na viazi kwa mikono ya merikani na kaniki au kwa nyuzi za shanga.

Jioni, msafara ulipofika kambini na boma la miiba likaisha kufungwa, wapagazi waligawanyika makundi makundi, kila kundi na chungu chake; na Wanyamwezi wengi walisafiri na wake zao, ambao walibeba vyungu, vibuyu na mikeka. Mafiga matatu yalitengwa, maji yakachemka, unga wa mtama ukamiminwa na kusongwa hata ukashika mwiko, kisha watu wakauzunguka ugali huo na mboga ya majani ya kunde iliyotiwa karanga, au nyama ya porini ikiwa mwindaji amejaliwa, au uyoga ikiwa ni masika. Katika Ugogo maji yalikuwa haba na hongo ya kupita ilikuwa nzito, hivyo chakula kilikuwa ghali. Na baada ya Ugogo palikuwa na Mgunda Mkali, nyika ndefu ambamo wengi walioishiwa na posho waliachwa njiani. Aliyevuka nyika hiyo akafika Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi, alikutana tena na mashamba, na kwa mtu aliyeshinda na njaa viazi vitamu vya Tura havikuwa chini ya wali wa sultani. Kwa safari yenyewe Wanyamwezi walikuwa na ufundi wao: viazi vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, ndiyo michembe, na vile vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, ndiyo matobolwa, vyote vikiwa vyepesi kubeba, havivundi upesi, na vyaweza kutafunwa mtu akiwa mwendoni. Na msitu wa miombo uliwapa asali, iliyorinwa katika mizinga ya magome iliyotundikwa juu ya miti, ambayo ilikuwa chakula, dawa, kileo na bidhaa kwa pamoja.

Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mimi sioni kanuni iliyo bora kuliko hiyo ya kuifahamu historia ya vyakula hivi. Katika yote yaliyotoka Asia, yale yaliyokubali jembe yalikaa, na yale yaliyobaki mzigoni yalikuwa ya wenye mali peke yao. Mpunga ulishuka mbugani, katika udongo mweusi unaoshika maji ya masika, ukawa zao la nchi, na leo mashamba ya Igunga na Nzega hulisha watu wa mikoa mingine. Choroko, ambazo asili yake ni Bara Hindi, Stanley alizikuta zikiuzwa kwa bei nafuu pamoja na mtama na mahindi, na hapana mtu wa Tabora leo azionaye kuwa ngeni. Mwembe ulipandwa kando ya matembe na kando ya njia, na kivuli chake kikawa kambi na tunda lake likawa posho isiyo na bei, hata kutoka Bagamoyo hadi Ujiji miembe mikongwe huhesabiwa kuwa alama za njia ya misafara. Bali zafarani na sukari havikuwa na jembe katika Unyamwezi, navyo vikabaki katika makasha ya watu wachache kwa muda wote ambao bega la mpagazi ndilo lililokuwa chombo cha kuvileta.

Lakini jembe hilo lilishikwa na nani? Hatuna ruhusa ya kulinyamazia jambo hili. Mashamba na bustani zilizowashangaza wageni kandokando ya matembe ya Tabora yalilimwa zaidi na watumwa, watu walionyakuliwa Umanyema, kandokando ya maziwa na kwingineko, ambao walitwanga mpunga kwa kinu, wakaupepeta kwa ungo, wakaupika, wakaupakua, na huenda wakaula ukoko wake. Ukarimu uliosifiwa katika vitabu vya Ulaya ulikuwa wa kweli kwa yule aliyeupokea, na ulikuwa dhuluma kwa yule aliyeutumikia. Na mwandishi mwadilifu hana budi kuyaandika yote mawili. Jiko la Tabora lilifunzwa na watu hao, na wazao wao, waliochanganyika na Wanyamwezi katika mitaa ya mji kama Ng'ambo na Gongoni, ndio warithi wa ufundi ule.

Tena si kweli kwamba chakula kilikwenda upande mmoja tu. Chumvi ya Uvinza, ichemshwayo kutoka chemchemi za karibu na mto Malagarasi, iliingia katika vyungu vya Unyamwezi. Ujiji ilileta dagaa na mawese. Karagwe ilileta kahawa. Na kutoka Tabora mpunga uliendelea na safari, ukavuka Ziwa Tanganyika pamoja na waungwana na wapagazi, ukapandwa Umanyema, hata mji wa Kasongo, makao ya watu wa mfanyabiashara Tippu Tip, ukajulikana kwa mashamba yake ya mpunga na bustani zake za matunda. Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed, alikuwa na nasaba ya njia hii, kwa kuwa baba yake alikaa Tabora na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Na bila ya ndoa na mapatano ya namna hiyo hapana mgeni ambaye angalipata ardhi ya kupanda hata mche mmoja.

Amani ilipovunjika, chakula kilivunjika pamoja nayo. Mnywa Sele, aliyemrithi Fundikira, alipotaka wafanyabiashara watoe ushuru, walimpiga vita na kumwondoa, naye Snay bin Amir akafa katika vita hivyo mnamo mwaka 1861. Miaka 10 baadaye Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya Ujiji, na mji ulioishi kwa kupitiwa ukajua uzito wa kutopitiwa. Mwaka 1893 Wadachi waliivunja ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, na mwaka 1912 reli ikafika Tabora, kisha Kigoma mwaka 1914. Hapo mpagazi akautua mzigo, na sukari, unga wa ngano na bizari vikashuka bei. Chapati, sambusa na pilau vikatoka katika nyumba za matajiri na kuwa chakula cha arusi, cha maulidi na cha mkahawa. Njia ikahamia relini, na desturi ya kuwauzia wapitaji ikahamia nayo, kama ajuavyo kila aliyepita Saranda kwa gari moshi, akauziwa kuku wa kuchoma dirishani, au aliyenunua asali katika stesheni za Unyamwezi.

Tembe la Kwihara, ambamo msafiri Livingstone alikaa mwaka 1872 akiwangojea wapagazi, leo ni makumbusho, na ni vyema kwamba limehifadhiwa. Lakini humo ndani ingefaa pawepo pia kinu na mchi, ungo, mzinga wa gome, chungu cha kambini na kibaba cha kupimia posho, na wazee wa Tabora waulizwe, wakati wangalipo, namna bibi zao walivyoanika matobolwa na walivyopika wali wa mpunga wa mbugani. Majina ya watu waliokula katika Kwihara yamo vitabuni. Ya wengi wa waliobeba, waliolima na waliopika hayakuandikwa, na ufundi wao, ambao ungali hai katika majiko yetu, ni ushahidi tulio nao juu yao. Ushahidi huo twaweza kuukusanya sasa, na ni wajibu wetu kuukusanya.