CAT: Mtihani Ulioitikisa India

Jumapili ya tarehe 23 Novemba 2003, vijana zaidi ya laki moja nchini India waliketi kwenye vyumba vya mtihani, penseli mkononi na karatasi ya maswali mezani. Walikuwa wanafanya CAT, mtihani wa pamoja wa kuingia vyuo vya serikali vya usimamizi vinavyojulikana kama IIM. Siku hiyohiyo mtihani ukafutwa. Wapelelezi wa serikali kuu, CBI, walikuwa wamewanasa watu mjini Delhi wakiuza maswali kwa laki kadhaa za rupia kwa kila mtahiniwa. Aliyekesha akisoma na aliyekuja na fedha wakatoka mikono mitupu, na wote wakatakiwa kusubiri hadi Februari 2004 ili mtihani urudiwe.

Kwa nini mzazi atoe fedha zote hizo kwa karatasi moja? Jibu linaanzia mwaka 1961. India ilikuwa imejitawala kwa miaka 14 tu, viwanda vya umma vilikuwa vinajengwa kila upande, na mameneja wa kuviendesha walikuwa haba. Serikali ikafungua vyuo viwili, kimoja Calcutta na kingine Ahmedabad. Cha Calcutta kilisaidiwa na MIT ya Marekani. Cha Ahmedabad, ambacho mwanafizikia Vikram Sarabhai alikuwa mstari wa mbele kukianzisha, kilishirikiana na Harvard na baadaye kikajengewa majengo ya matofali mekundu yaliyochorwa na msanifu majengo Louis Kahn. Bangalore ilifuata mwaka 1973, Lucknow mwaka 1984. Wakati mtihani unavuja mwaka 2003 vyuo vilikuwa 6, na nafasi zake kwa nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja zilikuwa chache mno.

Waliopita humo wanajulikana. Indra Nooyi, aliyekuja kuiongoza PepsiCo, alihitimu Calcutta mwaka 1976. Raghuram Rajan, aliyekuwa gavana wa benki kuu ya India, alisoma Ahmedabad, sawa na Ajay Banga, rais wa Benki ya Dunia. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kwa miongo yote hiyo vyuo hivi havikuwa vinatoa shahada. Vilitoa stashahada ya uzamili, na waajiri waliigombania hivyohivyo. Ruhusa ya kutoa shahada ilikuja na sheria iliyopitishwa mwaka 2017.

Mtihani wa karatasi una udhaifu usioepukika: maswali huchapwa, hufungwa, husafirishwa na kuhifadhiwa, na kila hatua ina mikono yake. Baada ya aibu ya 2003, vyuo viliamua kuondokana na karatasi kabisa. Ilichukua miaka 6. Mwaka 2009 kazi ikapewa kampuni ya Kimarekani, Prometric, na CAT ikafanywa kwa kompyuta kwa siku 10 mfululizo katika miji zaidi ya 30.

Siku ya kwanza, tarehe 28 Novemba, kompyuta ziligoma. Kampuni ilisema virusi vimeshambulia mitambo kwenye vituo. Watahiniwa waliosafiri usiku kucha walikaa mbele ya skrini zisizowaka, wengine wakakatiwa mtihani ukiwa katikati, na maelfu wakapangiwa tarehe nyingine. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kuondoa karatasi hakujaondoa hatari. Kumeihamisha tu kutoka kwenye bahasha hadi kwenye mashine.

Mfumo mpya ulizaa pia malalamiko ambayo zamani hayakuwapo. Mtihani wa siku 10 hauwezi kuwa na maswali yaleyale kila siku, kwa hiyo alama za siku ngumu na za siku nyepesi zililazimika kusawazishwa kwa hesabu za kitakwimu. Hesabu hizo zinaweza kuwa sahihi kabisa, lakini kijana aliyekosa chuo kwa sehemu ndogo ya alama hana namna ya kuzikagua mwenyewe. Kisha likaja pigo jingine: katika matokeo ya CAT ya 2012, ilibainika kwamba alama za watahiniwa takriban 80 zilikuwa zimebadilishwa kwenye tovuti ya kutangazia matokeo. Safari hii maswali hayakuvuja. Mtihani ulikwisha salama, na wizi ukafanyika baada yake.

Kuanzia 2014 kazi imekuwa mikononi mwa kampuni ya Kihindi, TCS, na siku za mtihani zikapunguzwa hadi mbili, halafu moja. Janga la Korona lilipoingia mwaka 2020, muda ukakatwa kutoka saa 3 hadi saa 2. Mpangilio huo umebaki: sehemu tatu za lugha, uchambuzi wa takwimu na hisabati, kila moja dakika 40. Dakika zikiisha, sehemu hujifunga yenyewe na hakuna kurudi nyuma. Jibu sahihi lina alama 3. Ukikosea swali la kuchagua, unakatwa alama 1. Mtahiniwa mzoefu hutumia dakika za mwanzo kutafuta maswali ya kuruka.

Mwaka 2024 walioufanya walikuwa takriban 293,000. Waliopata daraja la juu kabisa ni 14, na 13 kati yao walikuwa wahandisi. Takwimu hiyo inapaswa kuwasumbua wanaotunga mtihani huu kuliko virusi vya 2009. Hisabati za CAT humfaa aliyetoka kwenye uhandisi, na lugha yake ni Kiingereza pekee, katika nchi ambayo mamilioni ya watoto husoma kwa Kihindi, Kitamil au Kibengali. Sheria hutenga nafasi kwa tabaka na makabila yaliyobaguliwa kwa karne nyingi, na baadhi ya vyuo vimeanza kuwaongezea pointi wanawake na wasio wahandisi. Darasa lililoingia IIM ya Kozhikode mwaka 2013 lilikuwa na wanawake zaidi ya nusu. Hatua hizo ni za haki. Lakini zinarekebisha orodha ya waliofaulu, huku mtihani wenyewe ukiendelea kumpendelea mtoto wa mjini aliyelipiwa tuisheni ya Kiingereza.

India inastahili sifa kwa jambo moja: mwaka 2003 ilifuta mtihani wa nchi nzima siku ileile, bila kusubiri kelele zipoe. Baraza lolote la mitihani, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, lingefanya vyema kuiga uharaka huo.

Kwa Mtanzania au Mkenya anayekitaka chuo cha Ahmedabad, CAT si mlango pekee. Waombaji wa kigeni walio nje ya India wanaweza kutumia GMAT, mtihani uliozaliwa Marekani mwaka 1954. Matokeo ya CAT hudumu mwaka mmoja, ya GMAT miaka 5. Hata hivyo kila chuo huweka masharti yake ya tarehe, na mwombaji ayasome kabla ya kulipa ada.