Zege Pitishi

Zege pitishi ni zege lililoachiwa matundu kwa makusudi ili maji ya mvua yapite ndani yake na kuzama ardhini. Viambato vyake ni saruji, kokoto za ukubwa mmoja na maji machache. Mchanga, ambao kwa kawaida ndio huziba nafasi kati ya kokoto, huondolewa wote au hubakizwa kidogo mno. Likichanganywa vizuri, matundu huchukua asilimia 15 hadi 25 ya ujazo wake, na mita moja ya mraba huweza kupitisha zaidi ya lita 100 kwa dakika. Hakuna mvua inayonyesha kwa kasi hiyo.

Asili yake ni ya zamani. Uingereza nyumba zilijengwa kwa zege lisilo na mchanga tangu 1852. Kulimwaga chini ili limeze mvua kulikuja baadaye, hasa Florida, Marekani, katika miaka ya 1970.

Kuhusu jina, mafundi wataelewa haraka ukiwaambia “zege lisilo na mchanga”, lakini jina hilo linaeleza namna ya kuchanganya, halielezi kazi. “Zege la matundu” linapotosha, kwa sababu kitu chaweza kuwa na matundu tele yasiyoungana, kikanyonya maji bila kuyafikisha upande wa pili. “Zege penyevu” linageuza mambo: kinachopenya ni maji, zege hupenywa. “Pitishi” linatokana na kupitisha, na wanafunzi wa sayansi wamelizoea neno kipitishi kwa umeme na joto. Linadokeza njia iliyo wazi mwanzo hadi mwisho, na hiyo ndiyo sifa inayotakiwa. Upungufu wake ni mmoja: halisemi maji yakishapita yanakwenda wapi. Penye tambarare swali hilo laweza kusubiri. Mbinga, kwenye milima ya kusini mwa Tanzania, haliwezi.

Huko Milima ya Umatengo hupanda hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi. Mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili huzidi milimita 1,000 kwa mwaka. Kila paa la bati na kila uwanja uliosakafiwa huongeza maji yanayotiririka. Mvua ya milimita 50 juu ya uwanja wa mita za mraba 1,000 ni lita 50,000. Zikiachiwa mteremko, huchimba makorongo na kubeba udongo mabondeni.

Wamatengo, wakulima wa milima hiyo, walilijibu swali la maji yaende wapi zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa kilimo cha ngoro, ambacho watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Kyoto, Japani, walikichunguza kwa kina katika miaka ya 1990. Mvua zinapokaribia kwisha, majani hufyekwa, huachwa yakauke, kisha hupangwa kwa mistari inayokatana hadi mteremko wote uwe miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kurushwa juu ya majani. Hubaki shimo lenye upana wa mita moja na nusu hivi, limezungukwa na matuta yanayopandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Maji hukamatwa shimoni kabla hayajapata mbio, pamoja na udongo yaliyoubeba.

Kanuni hiyo inahusu zege pitishi moja kwa moja. Chini ya bamba la zege hutandikwa kokoto tupu, ambazo hapa naziita hodhi ya kokoto. Bamba la sentimeta 15 lenye matundu ya asilimia 20 huhifadhi milimita 30 za mvua. Hodhi ya sentimeta 30, yenye nafasi wazi za asilimia 40, huhifadhi milimita 120. Hesabu hiyo ni sahihi penye usawa tu. Penye mteremko maji hukimbia ndani ya kokoto, hurundikana ncha ya chini na kufumuka huko, huku hodhi ya juu ikiwa tupu. Dawa yake ni vizuizi: kuta fupi zilizozama ndani ya kokoto, zikiukata mteremko, ili kila chumba kitunze maji yake. Mteremko ukizidi asilimia 5 hivi, ni heri kuukata ngazi kwanza.

Ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kama Mbamba Bay na Liuli, shida yaweza kuwa nyingine. Mchanga humeza upesi, lakini maji ya ardhini yakiwa karibu, hodhi itajazwa kutoka chini. Chimba shimo wakati wa masika uone maji yanaanzia wapi.

Fundi naye aache mazoea mawili. Kuongeza maji ili zege liwe laini hufanya uji wa saruji ushuke na kuziba chini. Kupiga niru huziba juu. Bamba lifunikwe kwa nailoni mara tu likisawazishwa, na lisifunuliwe kwa siku saba. Linafaa kwa maegesho ya magari madogo, njia za miguu na viwanja vya shule au zahanati. Malori ya mizigo yasipite juu yake. Lisiwekwe chini ya ukingo wa udongo ulio wazi, kwa kuwa tope ndilo adui yake mkubwa. Lifagiliwe mara kwa mara, na likianza kuziba lioshwe kwa maji ya presha.

Kwa hiyo anayeandika zabuni asiishie kwenye maneno mawili ya istilahi. Aandike unene wa zege pitishi, kina cha hodhi ya kokoto, na umbali kati ya vizuizi. Mkandarasi aliyepewa jambo la kwanza peke yake atapitisha maji kama alivyoagizwa, na jirani wa bondeni ndiye atakayeyapokea.